UZI: Acheni kununua namba za kwenye boksi

fundi wa mwembeladu

Assalaam alaykum wote. Leo sina swali, nimekuja na hasira zangu. Imeletwa sabufa mezani kwangu, mbele imeandikwa kwa herufi za kung'aa 12000W P.M.P.O, mwenyewe analalamika ati bezi haitoshi, na hii kaichagua makusudi akaiacha ya 5000 ilokuwa pembeni yake dukani kwa sababu ya ukubwa wa namba. Nikamwambia kaa kitako yakhe tupige hisabu.

Plagi zetu hizi za meno matatu zina fyuzi ndani, na fyuzi kubwa kuliko zote inayokaa humo ni ya ampea 13. Umeme wa majumbani ni volti 230. Zidisha, unapata 2,990. Wati elfu tatu kasoro kumi, hapo ndo mwisho wa plagi moja, zaidi ya hapo fyuzi inakatika. Sasa sabufa ya wati elfu kumi na mbili inakula wapi? Unaichomeka plagi nne? Na huo waya wake wenyewe mwembamba ule hata pasi haufai.

Nikaigeuza nyuma. Huko kuna kibandiko kidogo cha rangi ya fedha ambacho hakisomi mtu: AC 220-240V, 50/60Hz, 60W. Sitini. Mbele elfu kumi na mbili, nyuma sitini, kitu kimoja, boksi moja, kiwanda kimoja. Kuifungua ndani transfoma ya kukaa kiganjani na chipu za TDA2030, ambazo mafundi wote wanazijua, moja inatoa wati 14 hivi ikiwa imepewa umeme wa kutosha na imefungwa bati la kupoozea, na hii bati lenyewe lilikuwa kijikaratasi tu.

Hiyo PMPO haina kipimo kinachokubaliwa popote, kila kiwanda kinajipigia hisabu yake, wanachukua ule mshindo wa sehemu ndogo ya sekunde, wanajumlisha spika zote, wanazidisha wanavyotaka. Kama unataka kujua nguvu ya kweli tafuta palipoandikwa RMS, na kama hapakuandikwa basi tazama nyuma inakula wati ngapi, kwa sababu haiwezi kutoa kwa kudumu zaidi ya inachokula. Ndo umeme ulivyo, hauzai.

Na si sabufa peke yake. Pawabenki, memori, kamera, RAM, TV, mpaka gemu. Watu wananunua namba. Nataka tuzungumze hapa, na wenye maduka waje vilevile wajitetee.


dukani darajani

Waalaykum salaam. Nimekuja kujitetea maana najua nnasemwa mie.

Fundi unasema kweli lakini hujawahi kukaa nyuma ya kaunta. Mie nshawahi kuleta spika zimeandikwa ukweli mtupu, 40W RMS, spika nzuri, nzito, ukiibeba unajua umebeba kitu. Zilikaa mpaka zikaota vumbi. Mteja anaingia anatazama ile 40, anatazama ya pili 8000, bei ileile, ananambia "we Mpemba unanifanya mie mjinga?" (na mie si Mpemba). Ukimueleza RMS anakuona unamzungusha. Akitoka kwako anakwenda duka la tatu anainunua ile ya elfu nane na njiani anapita kukuonesha.

Kwa hivyo namba hizo hatuziandiki sisi, na kiwanda kinaandika kwa sababu mnunuzi anazitaka. Mkitaka ziondoke acheni kuziuliza.


fundi wa mwembeladu

Hapo umejitetea nusu. Mteja hajui, sawa, ila wewe unajua na bado unamuuzia. Kuna tafauti.

Turudi kwenye pawabenki maana hii ndo inayowaumiza watu wengi. Sisi Unguja tulipokaa gizani kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, waya wa baharini ulipoharibika, watu tulikuwa tunapanga foleni kwenye majenereta ya watu kuchaji simu kwa pesa, kwa hivyo naelewa mtu anavyoiona pawabenki kubwa roho yake inatulia. Lakini sikilizeni.

Pawabenki ya 20,000 mAh (mAh ndo ujazo wa betri) iliyo ya KWELI haikupi 20,000 kwenye simu. Ile 20,000 ni ya betri za ndani, na betri za ndani ni za volti 3.7. Zidisha, gawa kwa elfu, unapata Wh 74, na Wh ndo kipimo cha umeme wenyewe uliomo. Ukiutoa kwa volti 5 za USB inakuwa 14,800, na ule ubadilishaji nao unakula, kinabaki kama 12,500 hivi. Simu yenye betri ya 5,000 utaijaza mara tatu ukibahatika, nne usahau. Hapo hajadanganya mtu, ni hisabu tu ambayo boksi halikwambii.

Halafu ndo ije feki sasa. 50,000 mAh, bei ya chips na mishkaki miwili. Betri zile za duara za 18650, iliyo nzuri inafika 3,500 hivi, na moja ina uzito wa gramu 45 na kitu. Kutimiza 50,000 unahitaji kumi na tano, ni gramu mia saba kabla hujaweka bodi wala gamba. Basi nenda na pawabenki yako kwa muuza samaki akuwekee kwenye mizani. Ikija robo kilo umeshajua. Mie nshafungua moja nikakuta betri mbili na kifuko cha mchanga kimegandishwa gundi ili mkono usishtuke. Mchanga mzuri tu, mweupe.


mpemba original

😂😂 mchanga mweupe huo wa Paje

Fundi hilo la giza ni lenu nyie wa Unguja, sie Pemba wakati ule tulikuwa na majenereta yetu ya Wesha, yanakatika ndio lakini tulishazoea, na waya wetu kutoka Tanga ulipowashwa 2010 tukaona na sie tushafika mjini.

Mie nna kibanda cha gemu Chake, na nataka kupinga kitu. Wateja wangu wamegawika makundi mawili wanataka kupigana. Kuna wanaosema PS4 na PS5 hakuna tafauti kwa sababu jicho la binaadamu halioni zaidi ya fremu (picha) 30 kwa sekunde, na kuna wanaosema 60 ni lazima. Mie nipo na wa 30. Filamu zote sinema ni fremu 24, mbona tunaziona nzuri? Hizo 60, 120 si ndo hizohizo namba za boksi alizosema fundi?


mwanachuo tunguu

La, hapo hapana. Namba nyengine ni za uongo na nyengine ni za kweli lakini mtu hajui zinapima nini, msizitie kapu moja.

24 ya sinema haikuja kwa sababu ya jicho. Imekuja mwishoni mwa miaka ya 1920 filamu zilipotiwa sauti. Zamani mpiga picha akizungusha kwa mkono, kasi yoyote, lakini sauti ilipoandikwa kwenye utepe wenyewe ikabidi kasi iwe moja na isiwe ndogo sana sauti ikaharibika, na isiwe kubwa sana utepe ukaisha pesa. Wakaangukia 24. Tena projekta inaimulika kila picha mara mbili au tatu ili usione kumetameta, kwa hivyo hata hao wa sinema walijua jicho linaona zaidi ya 24.

Na kwenye gemu si jicho tu, ni kidole. Fremu 30 kila picha inakaa milisekunde 33, 60 inakaa karibu 17. Unabonyeza pasi, mchezaji anachelewa. Katika filamu hubonyezi kitu.

Jaribu kitu kimoja hapo kibandani kwako: ingia kwenye setingi za TV utafute "Game Mode", uiwashe, uwape wateja bila ya kuwaambia. TV hizi nyembamba zinaipiga picha pambo nyingi kabla ya kuitoa, na kila pambo linachelewesha. Wale wanaolalamika pedi mbovu utaona wananyamaza.


mpemba original

Nimeiwasha.

Wananambia nimenunua pedi mpya 🤦🏾‍♂️

Haya hilo nimekubali, ila la 30 bado nalifikiria.


karafuu wa wete

Mie nimekulia na zile gemu za kanda, zinachomekwa juu, TV ya kioo kikubwa cha mgongo. Mwanachuo kasema kasi, nakumbuka mtu alokuja na mashine ya gemu ya Sega kutoka nje akasema huku kwetu Sonic wa kwenye gemu anakimbia pole pole, tukamwona mwongo.


mwanachuo tunguu

Alikuwa mkweli huyo. Sisi TV zetu zilikuwa za mfumo wa PAL, picha 50 kwa sekunde, Japani na Marekani NTSC, 60. Gemu nyingi za zamani zilitengenezwa kwa 60 halafu zikauzwa nchi za PAL bila kurekebishwa, kwa hivyo kila kitu kinakwenda kwa 50 gawa kwa 60, polepole kwa karibu asilimia 17, muziki nao unavutika, na juu na chini ya kioo inabaki michirizi myeusi. Sonic ya kwanza kwenye Sega Mega Drive ya PAL ndo ilivyokuwa. Watoto wa Uingereza wamecheza hivyo utoto wao wote hawajui.

(Na kwa habari ya TV, wa bara wakija kututambia tuwakumbushe kwamba TVZ ilikuwa na rangi mwanzo wa miaka ya 1970, wao TV yoyote ile wameipata 1994. Nimemaliza.)


dukani darajani

Hizo kanda za gemu ndo baba wa uongo wote. Mbele imeandikwa 9999999 in 1. Unaiwasha, gemu ya kwanza Contra, ya pili Mario, ya kumi hivi Contra tena inaanzia katikati, ya ishirini Contra una maisha mengi zaidi. Ukihesabu gemu zenyewe hazifiki hata vidole vyako vyote. Na tulikuwa tunasimuliana kwamba ukifika mwisho kabisa wa orodha kuna gemu ya siri.


karafuu wa wete

Na kupuliza! Ikigoma unaitoa unaipuliza unairudisha inawaka. Hilo angalau ni kweli.


fundi wa mwembeladu

Si kweli. Nintendo wenyewe, kampuni ya mashine hizo, walikuwa wakiwaambia watu wasipulize. Kilichokuwa kinaiwasha ni kule kuitoa na kuirudisha, meno yanakaa vizuri mara ya pili, pumzi yako haina kazi, imebeba mate na mate yanatia kutu kwenye shaba. Mngeichomoa na kuichomeka bila kupuliza ingewaka vilevile. Na kwa hewa yetu hii ya chumvi tena, kutu haihitaji msaada.


karafuu wa wete

Nimevunjika moyo lakini sawa.

Vita vya biti navyo je? 8-bit, 16-bit, 64-bit. Kaka yangu alikuwa anatukoga sana na hizo.


mwanachuo tunguu

Hiyo ni PMPO ya miaka ya 90, biti ni ukubwa wa data ambayo chipu inaishika kwa mara moja. Atari walitoa mashine ya gemu ya Jaguar 1993 wakatangaza ni 64-bit na tangazo lao likasema kwa kejeli "do the math", yaani piga hisabu, watu wakaipiga kweli hiyo hisabu wakaona baadhi ya chipu ndani ni za biti 64 na nyengine ni 32, na ile ya kuongoza ni 16. Ikaanguka sokoni. PlayStation ya kwanza ikaja na 32 tu ikawapita wote. Nintendo 64 ikaandika namba kwenye jina kabisa, na ilikuwa mashine nzuri, lakini ilibaki na kanda wakati wenzake wana CD zenye nafasi kubwa mara nyingi, na hilo ndo lililoamua mambo mengi kuliko biti.

Na msidhani yameisha. PS5 ilipotoka Novemba 2020 boksi lilikuwa na alama ya 8K. Nambieni nani kacheza gemu ya 8K. 2024 wakaifuta alama kimya kimya, boksi jipya limebaki na 4K. Na diski ya hiyo ya mwanzo imeandikwa GB 825, ukiiwasha unakuta nafasi ya kutumia ni 667.


mpemba original

Hiyo 667 naijua vizuri, kila wiki nafuta gemu moja niweke nyengine.


dukani darajani

Sasa simu tuzisemeje? Maana sku hizi mteja haulizi tena kioo wala betri, anauliza RAM ngapi, ukimwambia 8 anakwambia fulani kanunua 16 kwa bei hiyohiyo.


mwanachuo tunguu

Mwambie ageuze boksi asome maandishi madogo: 8GB + 8GB. Ile nane ya pili si RAM, yaani si ile kumbukumbu ya muda apu zinapofanyia kazi. Ni sehemu ya hifadhi, pale zinapokaa picha na video zako, imekopwa ifanye kazi ya RAM. Kwenye simu za bei ya chini hifadhi yenyewe ni eMMC, kwa kipimo cha kiwanda haivuki MB 400 kwa sekunde, RAM ya kweli inakwenda kwa maelfu. Inasaidia kidogo apu isijifunge ukiiacha nyuma, lakini simu haiwi nyepesi, na kwa simu nyengine ukiizima hiyo kabisa unaona afadhali.

Na kwa kuwa tumeingia kwenye RAM, nyie watu mnaofagia apu kila dakika, mnaiona RAM iliyojaa kama dhambi. Android na iPhone zote zinazigandisha apu za nyuma zenyewe, ukiifunga kwa nguvu halafu ukaifungua tena baada ya dakika tano simu inaanza kupakia upya kila kitu, na hapo ndo betri inapoliwa. Machi 2016 mteja mmoja aliwauliza Apple kwa barua pepe kama kufunga apu kunaokoa betri, akajibiwa na Craig Federighi mwenyewe, mkubwa wa programu pale: hapana. Mkubwa wa Android wakati ule, Hiroshi Lockheimer, akaunga mkono wiki ileile.


mpemba original

Hao wanasema hivyo kwa sababu wana simu za milioni mbili. Mie simu yangu RAM 2, WhatsApp na Facebook zikikaa pamoja inakufa, nikifagia inafufuka. Nimuamini yeye au nniamini macho yangu?


mwanachuo tunguu

Simu ya RAM 2 ina haki ya kufa, hiyo siibishii. Apu ikikwama ifunge. Nilokataa ni ile tabia ya kufagia kama tasbihi.


dukani darajani

Kamera?


fundi wa mwembeladu

Kamera fupi: iPhone zilibaki na megapikseli 12 kuanzia 6s ya 2015 mpaka 14 ya kawaida ya 2022, wakati wenzao wameandika 48, 64, 108. Nenda Forodhani usiku upige picha ya mwenye pizza yake na moshi wa mkaa, uone ipi inatoka. Ile ya 108 kwa kawaida inachanganya pikseli tisa kuwa moja, inakupa picha ya 12. Kwa hivyo wote mko kwenye 12, kilichobaki ni ukubwa wa kile kijidude kinachopokea mwanga, lenzi na programu. Na zile kamera nne za nyuma kwenye simu za bei ndogo, mbili ni za MP 2, zipo ili mgongo upendeze.


mama wawili

Jamani samahanini nnaingilia, nyie mnaongea wati na mapikseli mie nna shida mbili za kweli.

Ya kwanza, tumenunua flashi ya TB 2 kwa bei nzuri, tukahamishia video ya harusi ya binti yangu na picha zote za tangu wadogo, tukafuta kwenye simu ili tupate nafasi. Sasa majina ya mafaili yanaonekana yote lakini yakifunguliwa hayafunguki isipokuwa machache. Fundi mmoja kanambia virusi.

Ya pili kijana wangu wa miaka 14 haondoki kwenye kibanda cha gemu, na baba yake anasema gemu za kupigana zitamfanya awe muuaji. Mnasemaje.


fundi wa mwembeladu

Dada pole sana. Si virusi. Hiyo flashi ndani ina chipu ndogo, pengine ya GB 16 au 32, na imepangwa iiambie kompyuta kwamba ni TB 2. Ukiweka mafaili yanaingia vizuri mpaka ujazo wa kweli ukiisha, baada ya hapo inarudi mwanzo inaandika juu ya ya zamani, au inatupa tu, lakini orodha ya majina inabaki imekamilika. Ndo maana unayaona na hayafunguki. Usiandike kitu chengine humo, hata faili moja. Na hiyo simu mlofuta video msiitumie kupiga picha wala kupakua kitu. Tazameni kwanza kwenye Google Photos na kwa jamaa mliowatumia WhatsApp, halafu simu na flashi zote mniletee, kwenye flashi yale yalioingia mwanzo pengine yapo, mengine siwezi kukupa tamaa.

Kwa wengine: kuna programu ya bure kwenye Windows inaitwa H2testw, inaijaza flashi mpaka juu halafu inaisoma tena kuona kama kilichoingia ndo kinachotoka. Kwa flashi kubwa inachukua masaa, iacheni usiku. Fanyeni hivyo KABLA ya kutia kitu. Na TB 2 kwa bei ya mchele kilo tano haipo, si Darajani, si Dubai, si China.


mwanachuo tunguu

Kwa la kijana: 2019 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Cardiff, Przybylski na Weinstein, walitazama vijana elfu moja wa Uingereza wa miaka 14 na 15, wakawauliza na wazee wao, na ukali wa gemu wakaupima kwa alama rasmi zinazowekwa kwenye gemu, si kwa maoni ya mtoto. Hawakuona uhusiano kati ya gemu za kupigana na ukorofi wa mtoto. Kwa hivyo mwambie mzee atulie.


ustadh wa jang'ombe

Mwanachuo nimekusoma tangu juu unasema vizuri ila hapa umempa mama wa watu nusu ya dawa. Hakuna anayeogopa kwamba mtoto atachukua bunduki, bunduki ataitoa wapi. Sisi tunaowasomesha tunaona chengine: mtoto hakuja chuoni, hakulala, na pesa za mkate zimeishia kibandani. Shirika la Afya Duniani limeiweka hiyo hali ya kushindwa kuacha gemu kwenye orodha yao ya maradhi, walipitisha 2019 na imeanza kutumika 2022. Sharti lao si kucheza sana tu, ni kushindwa kujizuia mpaka mambo mengine yaharibike, na kwa kawaida iwe imeendelea mwaka mzima.

Na mkubwa zaidi ni zile gemu wanazoita za bure. Namba kwenye boksi ni sifuri, na nyie mmezungumza namba zote isipokuwa hiyo. Mtoto anapakua bure, ndani anauziwa vifurushi hajui kuna mchezaji gani mpaka akifungue, akikosa anataka chengine. Hiyo kwetu tunaijua jina lake. Ubelgiji si nchi ya Kiislamu na mwaka 2018 walisema ni kamari, EA, watengenezaji wa gemu ya mpira ya FIFA, ikabidi waache kuuza pointi za kununulia vifurushi hivyo kule kuanzia Januari 2019.


mpemba original

Ustadh hapo umenigusa maana na mie nawaona. Kibandani kwangu wanacheza wawili wawili, anayefungwa anatoka, hakuna vifurushi, na adhana ikilia nazima TV. Mama wawili kama kijana yuko kwenye kibanda ambacho watu wanacheza mpira na kucheka, mwekee saa ya kurudi. Kama yuko peke yake na simu usiku wa manane, hapo ndo uulize.

Ila nao wana lao, kila anayefungwa dakika ya 90 anasema gemu imepangwa, ati EA inambeba aliye nyuma.


mwanachuo tunguu

Hiyo ina asili. EA wana hataza ya mfumo wa kubadilisha ugumu wa gemu kufuata mchezaji, watu wakaiona wakasema ndo hiyo. 2020 wakashtakiwa California, EA wakawaruhusu wadai wazungumze na mainjinia wao na waone mambo ya kiufundi, 2021 wadai wakaifuta kesi wenyewe. Kwa hivyo dakika ya 90 ni beki yako.


mama wawili

Ahsanteni. Fundi ntakuja na vyote viwili kesho inshallah. Kumbe na mume wangu anasafiri Umra wiki ijayo kanunua hiyo pawabenki ya 50,000, nimemsomea ya mchanga kanuna. Ataisafiria?


fundi wa mwembeladu

Hapo ndo pana kichekesho dada. Ndege zinatazama Wh. Mpaka 100 unapita nayo mkononi bila neno, 100 mpaka 160 mpaka shirika likubali, zaidi ya hapo hairuhusiwi kabisa, na kwenye begi la chini haikai pawabenki yoyote. Ya 20,000 ni 74, inapita. Hiyo yake ya 50,000 mara 3.7, gawa kwa elfu, ni 185. Ndani pengine hamna hata 20, lakini wao hawaifungui, wanasoma kilichoandikwa. Itachukuliwa.


mama wawili

Anauliza akiibandua hiyo lebo je


fundi wa mwembeladu

Isiyo na lebo wengi hawaipitishi kabisa. Mwambie anunue ya 10,000 yenye Wh zimeandikwa, na kabla ya kulipa aipime.


dukani darajani

Ninazo, bi mkubwa. 37Wh zimeandikwa nyuma, na mizani naazima kwa jirani.